Foleni Ikiondoka, Kasi Huingia: Barabara za Miji Midogo na Usalama wa Anayevuka kwa Miguu

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi mpakani Sirari hupita katikati ya mji wa Bunda, na katika kilomita chache inazokatiza mjini humo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni njia ya kimataifa inayobeba malori ya mizigo ya kwenda na kutoka Kenya, matenki ya mafuta na mabasi ya masafa marefu. Wakati huohuo ni mtaa mkuu wa mji: hapo ndipo bodaboda husubiri abiria, mama lishe hupanga meza zao, wanafunzi huvuka kwenda shuleni na wakulima hushusha mazao. Bunda pia ni njia panda. Upande mmoja barabara huelekea Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Upande mwingine huelekea Nyamuswa. Msimu wa pamba unapofika, malori ya kwenda viwanda vya kuchambua pamba huongeza uzito juu ya mzigo uliokwishakuwapo.

Kabasa ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Bunda. Mkulima wake anayepeleka mihogo sokoni, mwanafunzi wake anayesoma mjini na mjamzito wake anayepewa rufaa, wote watakutana na barabara hiyo, ama kwa kuifuata au kwa kuivuka. Kwao, swali la jinsi ya kupunguza msongamano wa magari mjini linagusa maisha yao ya kila siku. Aghalabu swali hilo huulizwa kwa lugha ya wahandisi: upana, lami, mifereji na idadi ya magari kwa saa. Makala haya yanalitazama kwa jicho la afya, kwa sababu kila uamuzi unaofanywa juu ya barabara hatimaye huandikwa katika miili ya watu.

Msongamano unavyozaliwa

Ni rahisi kudhani kwamba foleni hutokana na wingi wa magari peke yake. Katika mji mdogo ulio kwenye barabara kuu, chanzo kikubwa mara nyingi ni mchanganyiko. Lori la tani 30 lisilokusudia kusimama mjini hujikuta nyuma ya bajaji inayoshusha abiria. Basi hutoka stendi na kuingia barabarani kwa pembe inayolazimu pande zote mbili kusubiri. Mkokoteni wa maji, baiskeli na mwenda kwa miguu hutumia ukingo uleule wa lami kwa kuwa njia yao imegeuzwa kuwa soko au maegesho. Barabara ya njia mbili ambayo ingepitisha magari mengi bila taabu huzibwa na vituo vidogovidogo visivyo na nafasi yake maalumu.

Mgawanyo wa madaraka nao una nafasi yake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Stendi, masoko na vibali vya biashara ni mambo ya halmashauri, na usimamizi wa sheria barabarani ni wa Jeshi la Polisi. Makutano ya mtaa na barabara kuu, ambapo foleni na ajali nyingi hutokea, ni mahali ambapo mamlaka hizo nne hukutana. Zisipopanga pamoja, moja hupanua lami na nyingine huruhusu meza za biashara juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Gharama ya msongamano mwilini

Hasara ya kwanza ya foleni kwa afya ni muda. Mgonjwa kutoka zahanati ya kijijini hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali mjini Bunda. Hali yake ikizidi, atahitaji kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Iwe ni kaskazini au kusini, gari la wagonjwa hutumia barabara ileile ya malori. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na mfupa wa paja uliovunjika unaweza kumwaga zaidi ya lita moja ya damu ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Kwa watu hawa wawili, dakika 15 zilizopotea kwenye makutano yaliyofungamana ni sehemu ya matibabu waliyonyimwa.

Hasara ya pili ni hewa. Injini ya dizeli inayonguruma bila kusonga hutoa chembechembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huchochea pumu, maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Dereva wa lori hupita katika moshi huo kwa nusu saa. Mchuuzi wa matunda, mshona viatu na kijana wa bodaboda huuvuta kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu hizo mbili, nia ya kupunguza msongamano ni nia njema kiafya. Tatizo huanza pale nia hiyo inapotafsiriwa kuwa jambo moja tu, yaani kuyafanya magari yapite upesi zaidi.

Kasi, mgeni asiyealikwa

Foleni ina adha nyingi, lakini ina sifa moja isiyotajwa: hupunguza mwendo. Barabara ikipanuliwa na kunyooshwa bila kitu kingine kubadilika, foleni huondoka na kasi huingia mahali pake.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari limekwishakwenda mita 14 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo litahitaji karibu mita nyingine 14 ili lisimame, nazo ni kwa lami kavu na breki nzima. Kwa kilomita 30 kwa saa, safari yote ya kusimama huchukua kama mita 13. Sasa achukuliwe mtoto anayeingia barabarani ghafla, mita 15 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 atamgonga akiwa ndio kwanza ameanza kukanyaga breki. Dereva wa kilomita 80 atamgonga kabla mguu wake haujafika kwenye breki.

Nguvu ya kugonga nayo haipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inayoingia mwilini huongezeka mara nne. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ongezeko la asilimia 1 katika wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa takriban asilimia 4, na mwenda kwa miguu anayegongwa na gari kwa kilomita 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya yule anayegongwa kwa kilomita 50. Hii ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka serikali ziweke ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Nchini Tanzania ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Mbele ya shule na soko, hata dereva anayetii sheria hiyo anaweza kuua.

Duniani kote watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Mkoa wa Mara una kumbukumbu zake: Septemba 2014, katika eneo la Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili yaligongana kwenye barabara hiihii ya Mwanza–Musoma na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ajali za namna hiyo hukumbukwa na taifa. Zile zinazochukua mtu mmojammoja ukingoni mwa barabara hukumbukwa na familia peke yake, ingawa kwa jumla yake ndizo nyingi.

Yaliyofanyika Arusha, Nairobi na Dar es Salaam

Miji mikubwa ya Afrika Mashariki imekwishajaribu njia kadhaa, na kila moja ina somo kwa mji wa kadiri ya Bunda.

Njia ya kwanza ni kuyatenga magari yasiyo na shughuli mjini. Arusha, iliyokuwa ikibanwa na magari yote yaendayo Moshi na Namanga, ilipata mradi wenye sehemu mbili: upanuzi wa kipande cha Sakina–Tengeru, kilomita 14.1, kuwa njia nne, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayozunguka jiji. Dodoma nayo imejengewa barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3. Mchepuo huondoa malori mbele ya shule na masoko, jambo lenye faida ya moja kwa moja kwa afya. Lakini faida hiyo hudumu iwapo tu biashara na makazi hayataruhusiwa kuhamia kandokando ya mchepuo wenyewe. La sivyo, baada ya miaka michache mji huwa na barabara kuu mbili za hatari badala ya moja.

Njia ya pili ni kupanua. Kenya ilizindua barabara kuu ya Nairobi–Thika mwaka 2012, yenye urefu wa takriban kilomita 50 na hadi njia nane katika baadhi ya sehemu. Safari za magari zilifupika. Waenda kwa miguu waliokuwa wakivuka barabara ya zamani walijikuta mbele ya mto wa magari yaendayo kasi, na madaraja ya kuvukia yakalazimika kuendelea kuongezwa baada ya barabara kwisha kufunguliwa. Hata palipo na daraja, mtu mwenye mzigo kichwani, mzee au mlemavu huhesabu ngazi na umbali, na wengine huamua kuvuka chini. Kivuko kisicho mahali ambapo watu huvukia kwa kawaida hutumiwa na wachache.

Njia ya tatu ni kuhamisha watu badala ya magari. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza huduma Mei 2016 katika njia ya awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9, kati ya Kimara na katikati ya jiji pamoja na matawi yake. Basi moja refu hubeba watu ambao wangejaza daladala kadhaa, na mradi huo ulijumuisha njia za waenda kwa miguu na za baiskeli tangu kwenye michoro. Hapo ndipo penye somo kwa mji usiohitaji mabasi ya mwendokasi: njia ya miguu iliyochorwa mapema hugharimu kidogo kuliko ile inayoongezwa baada ya vifo.

Njia ya nne ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani barani Afrika, liliendesha jijini Dar es Salaam mpango wa kukagua na kuboresha mazingira ya barabara zinazozunguka shule za msingi zenye watoto wengi wanaogongwa. Kazi zilizofanyika ni za kawaida kabisa: matuta, vivuko vya pundamilia, njia za miguu, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda ukingoni, alama, na mahali pengine kuhamisha lango la shule lifungukie mtaa wenye utulivu. Tathmini iliyolinganisha shule zilizoboreshwa na ambazo hazijaboreshwa ilionesha kwamba majeruhi miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulitunukiwa Tuzo ya Ross ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2018, jiji hilohilo lilifungua barabara ya juu ya Mfugale kwenye makutano ya TAZARA. Miradi yote miwili ina mahali pake, ila wa matuta na nguzo ndio ambao mji mdogo unaweza kuuiga bila kusubiri mkopo wa kimataifa.

Mahitaji ya mji wa kadiri ya Bunda

Kutokana na masomo hayo, mpango wa kuboresha barabara za mji mdogo ulio juu ya barabara kuu unaweza kupimwa kwa maswali machache.

Je, gari linaloingia mjini hulazimishwa na umbo la barabara kupunguza mwendo, au huombwa tu na kibao? Kibao humsihi dereva. Tuta, mzunguko na kivuko kilichoinuliwa humlazimisha. Mzunguko, maarufu kwa jina la kipilefti, una faida mbili kwa pamoja: hupunguza foleni kwenye makutano kwa kuwa hakuna upande unaosimamishwa bila sababu, na huzuia magari kugongana uso kwa ubavu kwa kasi, aina ya ajali inayovunja fupanyonga na kupasua wengu.

Je, bodaboda, bajaji na mabasi madogo yana nafasi yake nje ya lami inayopita magari? Kituo kilichotengwa mita chache kutoka kwenye makutano huondoa sehemu kubwa ya foleni bila kupanua chochote. Kinafaa pia kuwa mahali pa kusisitiza kofia ngumu, ambayo kwa mujibu wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Abiria naye ana kichwa, na kofia yake haipaswi kuning'inia kwenye usukani.

Je, njia ya miguu ni ya kutembelea? Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya upana huo kuna nafasi ya mfereji, njia ya miguu na baiskeli na, pakipangwa vizuri, meza za wachuuzi zilizowekwa nyuma ya njia hiyo. Kuwafukuza wachuuzi bila kuwapa mahali pengine huwarudisha baada ya wiki mbili, karibu zaidi na magari kuliko mwanzo.

Mwisho, je, kuna sauti ya anayevuka? Mikutano ya mitaa na vijiji, kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani ni vyombo halali vya kupeleka hoja hizi. Mwalimu mkuu anajua ni wapi watoto huvukia. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua majeruhi wa bodaboda hutoka kona ipi. Maarifa hayo mara nyingi hayafiki kwenye meza ya mhandisi, kwa sababu hakuna aliyeyaita.

Kipimo cha mafanikio

Polisi huandika ajali katika eneo la tukio. Hospitali huandika majeruhi katika rejista za MTUHA. Mara nyingi vitabu hivyo viwili havikutani, na majeruhi anayefariki wodini siku ya kumi anaweza asihesabiwe kabisa kuwa amekufa kwa barabara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 vifo vya barabarani nchini Tanzania vilizidi 16,000, ilhali vilivyoripotiwa rasmi vilikuwa zaidi kidogo ya 3,000. Tofauti hiyo ni ya watu waliokufa bila kuingia katika hesabu ambazo wapangaji wa barabara huzisoma.

Hapa wahudumu wa afya wana mchango ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa. Safu moja katika rejista ya majeruhi, inayoandika mahali ajali ilipotokea na jinsi aliyeumia alivyokuwa akisafiri, ikijumlishwa kila robo mwaka na kupelekwa kwa halmashauri, TARURA na TANROADS, ingeonesha kona zinazoua kabla hazijaua tena. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala bajeti mpya. Inahitaji kalamu, uangalifu na mkutano mmoja kila miezi mitatu.

Mradi wa barabara ukizinduliwa, hotuba hutaja kilomita zilizojengwa na dakika zilizookolewa. Ni haki kuzitaja. Ila kwa mkazi wa Kabasa anayeteremka mjini asubuhi na kurudi jioni, takwimu yenye uzito kuliko zote ni ile ya waliovuka wakafika. Idadi ya majeruhi waliopokelewa hospitalini mwaka mmoja kabla ya ujenzi na mwaka mmoja baada yake iandikwe katika taarifa ya mradi, ukurasa uleule wenye gharama za lami, na isomwe hadharani mbele ya watu wanaoitumia barabara hiyo.